PS4 ya Mtumba au Laptopu ya Mtumba: Ukiwa na Shilingi 25,000 Mombasa, Ununue Ipi?

Mpwa wangu alipomaliza Fom Foo alikwenda sokoni Kongowea kupakua viazi na vitunguu. Miezi saba. Siku moja baada ya magharibi akaja kwangu na shilingi 25,000 zimefungwa kwenye karatasi ya kaimati, bado ina mafuta pembeni.

"Mjomba, zihisabu," akasema.

Nikazihesabu mara mbili. Zilikuwa kamili.

"Nataka PS4. Mama asema ninunue laptopu. Akanambia, nenda kwa mjomba wako, yeye ndiye ajuaye."

Mimi ni fundi, nina kibanda karibu na Mwembe Tayari. Vitu hivi viwili hunifikia vikiwa vimeshakufa au vinataka kufa, kwa hiyo najua kila kimoja huumwa na nini katika mji huu wa joto na chumvi. Kwa pesa zile, mtumba wa vyote viwili ulikuwa unapatikana: PS4, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 4, na pedi yake moja ya kuchezea, au laptopu iliyotoka ofisini ng'ambo, yenye ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8. Nilikuwa navyo vyote viwili juu ya meza ya kazi, mali ya wateja, nikavisogeza kimoja kando ya kingine tukaanza. Haya ndiyo tuliyozungumza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kwenda.

Gemu zenyewe

Tulianza na lililokuwa moyoni mwake: mpira. PS4 ilitoka Novemba 2013, na uzuri wake ni kwamba mashine zote za jina hilo zinacheza diski ile ile. Ukiona kasha limeandikwa PS4, unaitia na inacheza. Huulizi prosesa gani, yaani bongo la mashine, wala ramu ngapi. Gemu ya mpira ya kampuni ya EA, ambayo vijana bado wanaiita FIFA ingawa jina hilo liliishia na FIFA 23, ndiyo EA Sports FC ya sasa, na FC 24 na FC 25 zote zilitolewa kwa PS4. Mashine ya zaidi ya miaka kumi, na bado inakupa wachezaji wa misimu ya karibuni.

Laptopu ya mtumba haiko hivyo, na hapa watu wengi hupoteza pesa. Hizi HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zinazojaa madukani mwetu zilitengenezwa kwa barua na mahesabu ya ofisi. Kwa nyingi, picha zinachorwa na prosesa yenyewe, hamna kadi ya grafiksi ya pekee. FC 25 kwa upande wa kompyuta inataka, kwa uchache kabisa, kadi ya GTX 1050 Ti na ramu ya GB 8. Ramu utaipata. Kadi huipati, na kwenye laptopu za aina hii haiongezwi baadaye, maana hamna mahali pa kuitia. Muuzaji akikwambia "hii i5, yabeba gemu zote", mwombe aifungue FC mbele yako.

Inachobeba ni gemu za zamani, na si chache. GTA San Andreas ya 2004, Need for Speed Most Wanted ya 2005, PES 2013 ya mpira, hizo zinakwenda bila kukwama. Na kwa kijana aliyezaliwa baada ya San Andreas kutoka, gemu hiyo ni mpya.

Nilimwona amenyamaza, nikajua yuafikiria GTA VI. Hiyo imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X|S. PS4 haitaicheza, na laptopu hii haitaicheza. Nilimwambia mapema ili asinunue chochote kwa kuingoja.

Kwa gemu peke yake, basi, PS4 imeshinda, na imeshinda kwa mbali. Kama swali lako linaishia hapo, nenda kanunue PS4 na usihangaike kusoma zaidi, isipokuwa lile la chumvi.

Mmoja acheza, kumi watazama

Atakayekaa na kifaa ni nani? Swali hili watu hawajiulizi.

Ukipita Mji wa Kale alasiri utaona wazee wawili wanacheza bao, na waliowazunguka ni sita au saba. Hao sita ndio mchezo. Mmoja anahesabu kete kwa macho, mwingine anamcheka aliyefungwa, mwingine anangoja zamu yake. Dhumna ni hivyo hivyo, keram ni hivyo hivyo. PS4 imeingia pale pale. Ukiiweka sebuleni kwa watu, jioni viatu vinajaa mlangoni. Pedi mbili, vijana wanane, na anayefungwa anapisha. Nimekaa kwa dada yangu Majengo wakati watoto wa jirani walipoleta mashine yao, nikawasikia wakitangaza mechi wenyewe kwa Kiswahili chao, sauti ya mtangazaji Mwingereza imezimwa: "Haya, ampa, amkata, ah! Ameupaisha hadi Likoni!" Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyekuwa mtangazaji, na alikuwa hodari kuliko wengi ninaowasikia redioni. Nilitamani mtu angemrekodi.

Laptopu ni ya mtu mmoja. Skrini ya inchi 14 haitazamwi na watu wanane. Ataingia nayo chumbani, afunge mlango, na mama yake atamwona akitoka kuja kula. Kwa mwenye kusoma, hilo ni jema. Kwa mtoto mwenye kujitenga tangu mwanzo, mimi kama mzazi ningefikiri mara mbili.

Kuna njia ya katikati: kuiunganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI. Lakini tazama tundu kwanza. EliteBook 840 G3, ambayo ndiyo imejaa mjini, haina HDMI, ina matundu ya aina nyingine, DisplayPort na VGA, kwa hiyo utahitaji kigeuzi. EliteBook 840 G5 inayo. Pedi ya PS4 nayo inafanya kazi kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na Steam, duka la gemu la mtandaoni, imeikubali pedi hiyo tangu 2016. Tundu moja tu ndilo linaloamua kama laptopu itaweza kukaa sebuleni siku za Ijumaa au haitaweza.

Chumvi, joto na mende

Hapa ndipo nina mengi ya kusema, kwa sababu ndipo ninapopatia riziki.

Wiki mbili kabla ya mpwa wangu kuja, mama mmoja wa Kibokoni aliniletea PS4 ya wanawe. Malalamiko yao: inawaka, inavuma, halafu inazima yenyewe katikati ya mechi. Nikaifungua. Juu ya mbawa za feni palikuwa na ukungu mzito wa vumbi lililoshikana na unyevu kama unga wa chapati uliorowa. Ndani ya bati la kupoozea mlikuwa na nyuzi za pamba nyeupe, ndefu. Nikamuuliza, "Mama, hii mwaifunika?" Akaniambia ndiyo, ana kitambaa chake cha kufuma, kile kile cha juu ya televisheni, na huifunika isiingie vumbi. Huifunika ikiwa yawaka, kwa sababu watoto hawaizimi. Kwenye usambazaji wa umeme, yaani lile boksi jeusi lililomo ndani, walikuwemo mende watatu wakavu na mayai yao. Mende hupenda PS4 kwa sababu ina joto, ina giza, na matundu yake yanawatosha.

Nilipangusa, nikabadilisha ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bati lake, ambayo ikikaa miaka hukauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, nikaifunga. Ikapona. Lakini tundu la HDMI lilikuwa limeshaota kutu ya kijani, na nilimwambia ukweli kwamba hilo litarudi kwangu.

Kutu hiyo ndiyo Mombasa. Hewa yetu imebeba chumvi, na wakati wa kusi, upepo unapotoka baharini na mvua ya Aprili na Mei imeleta unyevu, chuma chochote kilicho karibu na dirisha hula hasara. Wakati wa kaskazi, kuelekea Februari na Machi, ni joto: chumba chenye bati juu kinachemka mchana kutwa, na mashine inavuta hewa ambayo yenyewe ni moto. PS4 ya kwanza kabisa, ile nene yenye pembe, huteseka zaidi. PS4 Slim ya 2016 inatoa joto kidogo, na kwa mji huu mimi husema Slim tu, hata kama ni ghali kwa elfu mbili tatu.

Laptopu nayo inakula chumvi, lakini kwa namna tofauti. Inafungwa, inatiwa mkobani, inawekwa kabatini. Haikai wazi dirishani mwaka mzima. Maradhi yake makubwa kwetu ni kuwekwa juu ya godoro, ambapo shuka huziba matundu ya hewa ya chini, na kumwagikiwa chai. Chai ya maziwa na sukari ndani ya kibodi ni mbaya kuliko maji matupu, na simaanishi kupamba maneno: sukari inaganda chini ya vitufe, vikanata, na unyevu wake unaendelea kula njia za umeme siku hadi siku.

Lolote utakalonunua, liweke juu ya kibao, mbali na dirisha la upande wa bahari, na kitambaa kibaki kwenye televisheni. PS4 ipelekwe kwa fundi ikafunguliwe na kusafishwa mara moja kwa mwaka. Ukikaa Nyali, Bamburi au popote unaposikia mawimbi, iwe mara mbili.

Tokeni

Dada yangu aliuliza hili kabla ya lolote, na ana haki, kwa kuwa yeye ndiye anayenunua tokeni.

PS4 ya kwanza inapocheza gemu nzito hula takribani wati 140. Slim ni kama 85. Ongeza televisheni ya inchi 32, wati 50 hivi. Mtoto akicheza saa 3 kila siku, kwa mwezi ni saa 90. PS4 ya kwanza na televisheni itakula yuniti 17, Slim na televisheni yuniti 12. Laptopu ya ofisi, pamoja na skrini yake, haifiki yuniti 4 kwa saa hizo hizo.

Yuniti 17 si hesabu ya kudharau kwa nyumba ndogo. Bei ya stima ya nyumbani inakwenda kwa madaraja: walio chini ya yuniti 30 kwa mwezi wana bei yao nafuu, walio kati ya 30 na 100 wana yao, na waliozidi 100 wana ya juu. Nyumba yenye taa, feni moja na redio inaweza kuwa chini ya 30. PS4 ikiingia yaweza kuivusha nyumba hiyo daraja la pili, na hapo hulipii gemu tu, hata zile taa ulizokuwa nazo zinapanda bei. Nilimwandikia dada yangu hesabu hiyo nyuma ya risiti. Akaikunja akaitia mfukoni.

Na stima ikipotea? Laptopu inahamia kwenye betri kimya kimya. PS4 inakatika, mechi inapotea, na ikiwaka tena inaanza kwa kukagua diski yake ya ndani kwa sababu haikuzimwa ipasavyo. Ikikatika mara nyingi, diski hiyo huanza kuzeeka. Nunua gadi ya televisheni uichomeke hapo: haizuii kukatika, lakini huikinga mashine stima inaporudi kwa kishindo, na ni pesa kidogo.

Intaneti na bei ya gemu

Watu hudhani kwa kuwa nyaya za intaneti za baharini zinatua kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009 na nyingine baada yake, basi gemu za mtandaoni zitakimbia Mombasa kuliko kwingine. Nyaya ziko kwetu, ni kweli. Seva haziko. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa kupitia Bahari ya Shamu mpaka kusini mwa Ulaya ni njia ya kama kilomita 8,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 80, kabla hujahesabu ruta ya nyumbani, waifai ya ukuta wa mawe ya matumbawe, na jirani anayetazama filamu kwenye laini hiyo hiyo. Ukibonyeza kupiga mpira, mwenzako wa Marseille ameshaupiga. Wala PS4 wala laptopu haiwezi kulitatua hilo. Na mwezi wa Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, sote tulikwama pamoja.

Kwa hiyo mimi nahesabu zaidi gemu zisizohitaji mtandao, na hapa diski ya PS4 ina faida ambayo vijana wanaijua kuliko mimi: inabadilishana mikono. Unanunua FC, unaicheza miezi sita, unampa mwenzako naye akupe yake, au unaiuza na kuongeza kidogo. Diski moja inaweza kuzunguka kutoka Tudor hadi Mtwapa. Gemu uliyoinunua Steam inabaki kwenye akaunti yako milele, huiuzi, na bei yake kwetu huandikwa kwa dola. Steam ina misimu ya punguzo kubwa, ndiyo, na gemu nyingi za bure. Lakini kuipakua gemu ya GB 50 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 11 na dakika zake, ikiwa laini haikukatika. Kwa bando la simu usijaribu.

Upande wa mtandao PS4 ina matatizo mawili. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, kwa hivyo watu hujikuta wakifungua akaunti kana kwamba wako Uingereza au Afrika Kusini na kununua vocha za huko. Na gemu nyingi za kulipia haziruhusu kucheza mtandaoni bila usajili wa PlayStation Plus. Za bure kama Fortnite na eFootball hazidai usajili huo. Kompyuta haidai usajili wa namna hiyo hata kidogo.

Kitu kinachotoka

Sasa nifikie hoja niliyomwambia mpwa wangu kwa moyo wangu wote.

PS4 inaleta ndani. Inaleta gemu, inaleta filamu, inaleta marafiki. Laptopu inaleta na inatoa. Kijana huyu anangoja kujiunga na chuo, na jina lake limepangwa Technical University of Mombasa, pale Tudor. Maombi ya mkopo, fomu za chuo, kazi za darasani, barua za kuomba kibarua cha ofisini badala ya cha viazi, vyote atavifanya mezani kwake. Sasa hivi kila fomu ni safari ya saiba: unalipia dakika, unalipia kuchapisha, unalipia hata kuandikiwa na mhudumu kwa sababu yeye anaandika haraka. Nilimwomba ahesabu alicholipa saiba tangu matokeo ya mtihani yatoke. Alihesabu kwa vidole, akafika mahali akaacha.

Na kuna lugha. Shuleni walimfundisha tarakilishi, kipakatalishi, rununu na kipanya. Akitoka nje ya lango hakuna aliyeyataja hayo, ni kompyuta, laptopu, simu na mausi. Mimi sina ugomvi na upande wowote, maneno yote hayo ni yetu. Kinachoniuma ni kingine. Mtoto wetu anashika pedi tangu ana miaka sita, na katika miaka yote hiyo menyu haijamwambia neno moja kwa Kiswahili. PS4 ina lugha nyingi za kuchagua, chetu hakimo. Simu ya Android inacho Kiswahili, WhatsApp inacho, Windows 10 ilikuwa na kifurushi chake cha bure. Kwenye gemu ndiko tuliko wageni.

PS4 haitampa njia ya kulibadilisha hilo. Laptopu ile ile ya ofisi, dhaifu kama ilivyo, inabeba Godot, programu ya kutengenezea gemu ambayo ni ya bure na wala haitaki mashine kubwa kwa gemu ndogo za picha bapa. Anaweza kuanza na bao. Sheria anazijua kwa babu yake, kete ni 64, mashimo ni 32, na mtangazaji wa miaka tisa yupo jirani. Nilipomwambia hivyo alicheka, kisha akaniuliza, "Mjomba, Godot ni GB ngapi?" Nikamwambia haifiki hata moja. Akaacha kucheka.

Na simu?

Kwa ufupi, kwa sababu tayari unayo. eFootball, Call of Duty Mobile na PUBG Mobile ni za bure, na PPSSPP inaigeuza simu ya kawaida kuwa PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi. Kwa aliye na elfu tano, asikope. Lakini simu ikichezewa gemu huku imechomekwa chaji, kwenye joto letu, betri huvimba. Ninazo droo nzima.

Ukifika dukani

PS4: iwashe na ucheze mechi nzima, si dakika mbili. Nusu saa itakuonyesha kama inavuma na kuzima. Tia diski, itoe, itie tena. Tikisa taratibu waya wa HDMI ukiwa umechomekwa, picha isicheze. Sogeza kila kijiti cha pedi kisha kiache: mchezaji akiendelea kutembea peke yake, pedi imechoka. Kisha ingia mtandaoni kwa hotspoti ya simu yako. Hili wengi hawalifanyi. Rafiki wa mpwa wangu aliuziwa na duka moja la mjini PS4 yenye gemu thelathini ndani, kumbe ilikuwa imechipiwa, yaani imevunjwa ulinzi wake, na ilishapigwa marufuku kuingia mtandaoni. Gemu zile zilikuwa za kunakili, na mashine hiyo ukiisasisha, zote zinakataa kufunguka. Bei yake ilikuwa ya PS4 safi.

Laptopu: soma namba ya prosesa, usisome kibandiko cha i5 tu. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, kwenye hizi za miaka ya 2016 hadi 2018, ndiyo kizazi chake. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo sababu za kizazi cha 6 na 7 zimekuwa rahisi ghafla. Usikubali jina la modeli liwe ushahidi: EliteBook 840 G5 nyingi ni kizazi cha 8, lakini zipo zenye prosesa ya kizazi cha 7. Ukishaipenda ya zamani kwa bei, tia Linux Mint, mfumo wa bure wa badala ya Windows, itakutumikia vizuri kwa masomo, gemu zitapungua.

Betri usiamini "yakaa saa nne". Fungua dirisha la amri, andika `powercfg /batteryreport`, na itakuandikia ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ikiwa imebaki chini ya nusu, punguziwa bei. Fungua kifuniko mpaka mwisho na usikilize bawaba. Jaribu kila kitufe. Uliza chaja ni yake au ya kuokoteza.

Tulikwenda pamoja Jumamosi, yeye mbele mimi nyuma. Duka la tatu, muuzaji alitaka 27,500. Mpwa wangu akaandika ile amri ya betri kwa vidole viwili, akamgeuzia skrini: asilimia 61.

"Yakhe, wewe umefunzwa na nani?" muuzaji akauliza.

"Mjomba huyu."

Ikashuka hadi 24,500. 840 G5, i5-8350U, HDMI ipo. Pedi ameazima kwa yule jirani, na Ijumaa usiku laptopu inakaa chini ya televisheni ya dada yangu, PES 2013, kitambaa kimekunjwa kando.

Mwezi ule ule kaka yangu wa Mtwapa, mwenye watoto wanne wa kiume na laptopu mbili za kazi tayari nyumbani, aliniuliza swali hilo hilo. Nilimtafutia PS4 Slim.